Khalati wa Langoni Ajibu: Simu Mkononi Kutwa, Kazi Iko Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi na huku kwetu Lamu, na karibu zote zimeandikwa na watu waliojiajiri kwa kutangaza biashara mtandaoni, au na wenye biashara wanaotaka kuelewa wanalipia nini. Kwa wasionijua: kazi hiyo ndiyo yangu, naifanyia nyumbani Langoni. Natangaza nyumba mbili za wageni, nahodha mmoja wa mashua, na mama mmoja anayetengeneza achari za embe na ndimu zinazopanda basi kwenda Mombasa. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo khalati. Nina miaka ishirini na sita, naishi Maweni, Malindi. Niliacha kazi ya mapokezi hotelini nikaanza kujitegemea. Naendesha kurasa za Facebook na Instagram za biashara nne: mkahawa, watu wa boti wanaopeleka wageni hifadhi ya bahari, duka la vitambaa, na nyumba ya kupangisha watalii kule Casuarina. Naamka na simu, nalala na simu. Jioni nikijiuliza leo nimefanya nini sina jibu, ila macho yanauma. Nyumbani mama ananiona sina kazi: mara nitumwe sokoni, mara nimpeleke mtoto wa dada hospitali. Wewe siku yako unaipangaje? (Kijana wa Maweni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa macho.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Umesema unaendesha kurasa. Mwenye boti hakulipi kwa ajili ya ukurasa, anakulipa ili watu wakae ndani ya boti. Na kati ya picha nzuri na mtu aliyekaa ndani ya boti kuna mtu anayeuliza: bei gani, mtoto wa miaka mitano analipa, tunapandia wapi, mvua ikinyesha pesa zinarudi? Kazi yako iko hapo, kumjibu huyo na kumfuata mpaka aamue. Posti ni chambo. Wengi wenu mnashinda mkitupa chambo baharini, mshipi hamuushiki.

Sasa siku yangu. Baada ya swala ya alfajiri silali tena, na simu siigusi. Naketi juu, dirisha wazi, na daftari la karatasi, naandika mpaka watoto waamke. Naandika maneno ya posti za wiki, au maelezo ya chumba, au barua kwa wageni waliowahi kuja. Saa hiyo hakuna anayeuliza bei, punda wa jirani bado hajaanza kelele zake, na stima ikipotea kalamu haina habari. Ukiandika mchana katikati ya kujibu watu, yanayotoka ni "karibuni sana, huduma bora, bei nafuu", maneno yaliyobandikwa kwenye kila ukurasa wa Pwani hii. Nani anayasoma? Mwambie mgeni kitu anachoweza kukiona au kukitumia. Watu wako wa boti: mwambie hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na kwamba safari hupangwa wakati wa maji kupwa kwa sababu ndipo matumbawe yanapoonekana vizuri. Mwambie avae viatu vya maji. Na mwambie kweli kuhusu rangi ya bahari. Mvua ikinyesha bara na mto Sabaki ukateremsha tope, maji ya ghuba yenu hugeuka kama udongo. Mgeni uliyemvuta kwa picha ya maji ya buluu akayakuta ya kahawia atakuandikia nyota moja, na ile nyota itakaa pale miaka. Ukimwambia mapema, wengine watabadilisha tarehe, wengine watakuja hivyo hivyo bila kinyongo.

Baadhi ya asubuhi siandiki, natoka kupiga picha. Hapa Lamu mbele ya mji inatazama mashariki, upande wa Manda. Jua likichomoza linapiga kuta za nyumba za pwani moja kwa moja, na saa moja asubuhi mji unang'aa. Ukija alasiri kupiga picha hiyo hiyo, kuta ziko kivulini na anga nyuma yake jeupe. Halafu kuna maji. Yakipwa, mbele ya mji panaonekana tope na chupa za plastiki, kwa hiyo natazama kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, ndipo nachagua siku. Wewe kwenu Malindi chunguza upande wa jua wa kila biashara yako mara moja tu, uandike kwenye daftari, umalize. Picha za asubuhi mbili zinanitosha wiki nzima na ziada. Anayepiga picha kila siku ili aposti kila siku anafanya kazi ya Instagram bure, siyo ya mteja wake.

Kama saa tatu asubuhi ndipo nafungua simu. Saa hiyo nimeichagua kwa hesabu. Italia wako nyuma yetu kwa saa mbili majira yao ya baridi, saa moja majira ya joto, na wewe Malindi unajua Waitaliano ni wangapi. Saa tatu yetu ya asubuhi, Januari, kwao ni saa moja, mtu anakunywa kahawa na simu iko mezani. New York majira hayo wako nyuma kwa saa nane, kwa hiyo mtu wa huko akiuliza jioni baada ya chakula, kwetu ni usiku wa manane, na ujumbe wake naukuta ukinisubiri. Nikimjibu asubuhi, ataamka na jibu. Hakuna haja ya mimi kukesha. Masaa ya nchi nne nimeyaandika kwenye karatasi ukutani, na nayabadilisha mwezi wa tatu na wa kumi au kumi na moja wanapobadilisha saa zao.

Hapo kwenye kujibu ndipo nataka unisikilize vizuri. Usianze juu ukateremka, maana juu wako wa mwisho kuandika, na mara nyingi ni "hi" na vikopakopa. WhatsApp ya biashara ina lebo. Mimi ninazo nne: ameuliza, ametajiwa bei, ametoa arbuni, amekuja. Kila asubuhi nafungua kwanza waliotajiwa bei. Hawa ndio pesa. Wamejua bei wakanyamaza, na kunyamaza kwao si kukataa. Mmoja anasubiri likizo ikubaliwe, mwingine anamsubiri mume, mwingine amesahau tu. Baada ya siku mbili namwandikia mara moja, na namwandikia kitu kipya, siyo "habari, umefikia wapi?" Kwa mfano: "Ile tarehe uliyoitaja maji yatapwa mchana, kwa hiyo tutaondoka saa nne badala ya saa mbili, watoto hawataamshwa mapema. Nikuwekee nafasi?" Asipojibu tena, namwacha kwa heshima yake. Baada ya hao nawajibu waliotoa arbuni, wasije wakahisi wamesahaulika baada ya kulipa. Kisha wapya. Maoni chini ya posti huja mwisho kabisa, na siku nyingine hayafikiwi, na hakuna biashara iliyofungwa kwa sababu hiyo.

Saa sita na nusu simu inachajiwa chumbani na mimi niko jikoni. Mpaka saa nane sipatikani. Jibu la kujiendesha linasema nitarudi saa ngapi, na narudi saa hiyo.

Alasiri natembea. Hili vijana hamlipendi, mnadhani kazi ya mtandao ni ya kukaa. Nakwenda kwa wenye nyumba nikaone vyumba kwa macho yangu: kipi kina feni mbovu, kipi kimepakwa chokaa upya, nani amepangisha kwa simu bila kuniambia. Mwenye nyumba ana daftari lake, tovuti ya kuwekea nafasi ina kalenda yake, na vitu hivyo viwili haviongei. Mgeni anashuka jetini na mizigo, chumba kina mtu mwingine, na lawama zinamwangukia aliyetangaza. Kwa hiyo kila alasiri daftari na kalenda vinakutanishwa, hata kama ni kwa kupiga simu. Kwa biashara nne kama zako, tembelea mbili leo na mbili kesho.

Jioni, kabla ya magharibi, naandika hesabu. Kila mteja ana mstari: leo wameuliza wangapi, wametajiwa bei wangapi, wametoa arbuni wangapi. Laiki siziandiki. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na wewe umekosa hiyo ya jioni, ndiyo maana hujui umefanya nini. Wiki mbili za mistari hiyo zitakuonyesha jambo ambalo sasa hulioni, kwamba labda duka la vitambaa linakula nusu ya siku yako na kukulipa robo ya wengine.

Usiku narudi mara moja zaidi, saa tatu mpaka saa nne. Watu wa Nairobi wamelaza watoto, Ulaya wametoka kazini. Hao wa Nairobi, nikwambie, wanataka bei kwenye ujumbe wa kwanza. Ukimwambia "njoo inboksi" amekwenda kwa jirani yako. Saa nne ikigonga simu inalala sebuleni. Ijumaa nafunga kuanzia saa tano asubuhi mpaka alasiri, na wateja wangu wote wanajua. Ramadhani siku yote inageuka, kazi kubwa inakwenda baada ya tarawehe.

Kuhusu mama. Hajaikataa kazi yako, hajaiona tu. Kijana aliyeketi na simu mbele ya mzazi hana tofauti na anayecheza mchezo. Usibishane naye. Mwambie nyakati mbili za siku ambazo huwezi kutumwa, alfajiri na ule wa saa tatu asubuhi, na saa nyingine zote sokoni nenda. Mtoto akiugua nenda saa yoyote, huyo hana ratiba. Kisha malipo ya mwezi yakiingia, mtolee fungu la samaki na umwambie hii imetoka kwa watu wa boti. Nakuhakikishia wiki ya pili yeye ndiye atakayewafukuza watoto mlangoni kwako.

SWALI: Assalaam aleikum bi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitatu hapa Shela. Mpwa wangu alinionyesha kitufe cha kukuza posti. Nimelipa shilingi mia tano kwa siku, wiki nzima, nikapata laiki zaidi ya mia tisa na hakuna mgeni hata mmoja. Mpwa anasema tuwe tunabadilisha picha kila siku mpaka ishike. (Mama wa Shela)

JIBU: Wa aleikum salaam bibi. Kile kitufe kilikutendea sawasawa na kilivyoombwa. Usipokichagulia lengo, mara nyingi kinatafuta watu wanaopenda kubonyeza laiki, na dunia imejaa watu hao. Wanapenda picha ya Shela, wanabonyeza, wanaendelea na maisha yao. Wengine mna ujamaa nao, hawatalala kwako hata siku moja. Mwambie mpwa aingie kwenye Ads Manager, ukurasa wa Facebook wa kusimamia matangazo, achague lengo la kuandikiwa ujumbe, na achague tangazo lionekane wapi: Nairobi, kwa mfano, na umri wa watu wenye kipato cha kusafiri. Maneno yataje bei ya usiku mmoja na idadi ya watu wanaoingia chumbani.

Na asibadilishe picha kila siku, nakuomba. Facebook wenyewe wanaeleza kwamba tangazo jipya liko kwenye hatua ya kujifunza mpaka lipate kama matokeo 50 ndani ya wiki. Kila badiliko kubwa linairudisha hesabu mwanzo. Mpwa wako akibadilisha kila siku, pesa zako zinasomesha mtambo darasa la kwanza siku zote saba. Ndiyo sababu pia lengo lisiwe kulipia chumba. Wiki moja ya kulipiwa mara 50 haipo, vyumba vyenyewe ni vitatu! Ujumbe wa WhatsApp unapatikana kwa urahisi zaidi. Wekeni tangazo, msiliguse siku saba, mtazame namba zake mara moja kwa siku, na simu ijibiwe.

Lakini ningekuwa wewe nisingeanza na kulipa. Ningeanza na ukurasa wa biashara wa Google, ule unaotokea mtu akitafuta jina la nyumba yako kwenye ramani. Ni bure. Angalia alama ya ramani imekaa kwenye paa lako au imekaa msikitini, maana vichochoro vyetu havina majina yanayoelewana na ramani. Weka picha za mchana za kila chumba na choo chake, usione haya. Eleza njia: anayekuja kwa ndege anatua Manda anavuka kwa boti, anayekuja kwa basi anafika Mokowe anavuka kwa boti. Mgeni wa mara ya kwanza anaogopa hapo kuliko anavyoogopa bei. Sema nani atampokea na nauli ya boti ni kiasi gani.

Kisha waandikie wageni wako wa mwaka jana, mmoja mmoja, uwaombe maoni ya kweli. Usinunue maoni, yanajulikana. Nyumba yako ikiwa kwenye tovuti za kuwekea nafasi, kumbuka nyingi zinakata kama asilimia 15 ya bei, kwa hiyo mgeni anayekuandikia moja kwa moja ni wa kujibiwa kwanza. Na bibi, huyo mpwa mlipe. Akilipwa ataacha kucheza na picha.

SWALI: Kuna mtu anauza orodha ya namba elfu tano za WhatsApp za watu wa Nairobi wanaopenda kusafiri. Anataka shilingi elfu tatu. Ninunue? (Wa Barani, Malindi)

JIBU: Usinunue. Watu hao hawakukupa namba zao, wala hawakumpa yeye azipige mnada. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamiko na inatoza faini. Na hata sheria isingekuwepo: orodha moja ya kutuma ujumbe kwa wengi WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hao elfu tano hawakujui. Ukiwaandikia mmoja mmoja watakuripoti, namba itafungwa, nayo ndiyo namba wateja wako wa kweli wanayoijua. Elfu tatu hiyo nunulia pawabenki.

SWALI: Salaam khalati. Mimi ni kijana wa Mkomani. Mwenye hoteli ndogo anataka nimtangazie, lakini anasema nitalipwa asilimia kumi ya kila mgeni niliyemleta, na asipokuja mtu hakuna malipo. Nikubali? Mwezi wa tano na wa sita unavijua vya huku.

JIBU: Vya huku navijua. Kusi likishika na mvua za masika zikafululiza, Shela kuna nyumba zinafunga milango kabisa, wafanyakazi wanakwenda makwao. Mashua ya nahodha wangu inapandishwa pwani ikatwe nyasi na kupakwa mafuta. Asilimia kumi ya hakuna ni hakuna.

Fanya hesabu kabla ya kuongea naye. Tuseme chumba ni shilingi elfu nane. Mgeni wako akalala siku nne, elfu thelathini na mbili, wewe unapata elfu tatu na mia mbili. Desemba na Januari, na tena Julai na Agosti, unaweza kuwa na wageni kama hao wengi na ukacheka. Lakini hapo ndipo ugomvi unapoanza: huyu nani alimleta? Alikuona Instagram, akapiga simu hotelini, akapokewa na binamu wa mwenye hoteli, akaandikwa kama mgeni wa binamu. Utakuwa kila jioni unakagua daftari la mapokezi, na urafiki utaisha kabla ya msimu.

Isitoshe, kazi inayoleta wageni wa Desemba haifanyiki Desemba. Inafanyika sasa hivi kwenye kusi, wakati mji umetulia. Vyumba viko tupu, unaweza kuvipiga picha vyote bila kumsumbua mtu. Mwenye hoteli ana nafasi ya kukaa na wewe mkapanga bei za msimu. Mwaka jana wageni waliuliza nini ambacho tovuti haikujibu? Andika majibu yake. Waliokuja kwa Maulidi, waliokuja kwa tamasha la utamaduni, waandikie tarehe zikijulikana. Wanaotoka mbali wanaanza kuulizia miezi mbele, hawanunui tiketi ya ndege Alhamisi wakafika Ijumaa. Yote hayo ni jasho la Mei na Juni, na kwa mpango wa bwana huyo ungeyafanya bure.

Mwambie hivi: malipo madogo ya kila mwezi, mwaka mzima, bila kujali kaskazi wala kusi, na juu yake kitu kidogo msimu ukiwa mzuri. Yeye ataona unafuu kwa sababu Desemba hatakutolea donge kubwa, na wewe Mei utanunua unga. Mwezi wa kwanza ulipwe mbele, kama fundi anavyopewa arbuni kabla ya kugusa mbao. Muandikiane ukurasa mmoja: utafanya nini, hutafanya nini, nywila za kurasa ni za nani mkiachana. Hili la nywila usilipuuze. Ukurasa uwe wa hoteli, wewe uwe umepewa nafasi ya kuuendesha, usije ukaonekana umeushika mateka. Akikataa malipo ya mwezi kabisa, mshukuru uondoke. Mtu asiyetaka kulipa kazi ya kusi hatakulipa vizuri ya kaskazi.

Fungua Till ya M-Pesa ya kazi, pesa za hoteli na za mkate wa nyumbani zisichanganyike. Na kwa kuwa Juni huna wageni, usiseme hukupata muda wa ritani ya kodi ya KRA. Mwisho wake ni tarehe 30 mwezi huo kila mwaka, na mtandao wao siku za mwisho huwa na foleni.

SWALI: Bi, baba yangu ni fundi wa milango na masanduku ya nakshi. Nataka kumtangazia lakini hataki sura yake ionekane mtandaoni, na mimi pia sitaki yangu. Rafiki zangu wanasema bila sura hakuna anayeamini. (Binti wa fundi, Lamu)

JIBU: Rafiki zako wanatazama sana wachekeshaji. Anayenunua mlango anataka kuuona mlango.

Piga mikono ya mzee. Patasi ikiingia kwenye mbambakofi ina sauti yake; irekodi hiyo, usiweke muziki juu yake. Mlango mmoja ufuate tangu ubao mtupu, penseli ikichora ua, nakshi ikitokea, mpaka siku ya kupakwa mafuta. Hizo ni posti za mwezi mzima kutoka kwa mlango mmoja, na mzee hakusimamishwa hata mara moja. Kila picha ya kazi iliyokamilika iwe na futi ya kupimia pembeni, na maneno yataje urefu, upana na aina ya mti. Bila hivyo utashinda ukijibu "size gani?" mpaka usiku.

Imani inapatikana kwingine. Mteja akitoa arbuni, kila Alhamisi mtumie picha ya mlango wake ulipofika, yeye peke yake, siyo ukurasani. Mwambie tangu mwanzo mlango utavuka kwa boti mpaka Mokowe na kupanda lori, nani analipia kipande kipi, na ukipasuka njiani nani anabeba hasara. Ukijibu hayo kabla hajauliza, hataitafuta sura ya mtu.

Na kwa kuwa karakana yenu bila shaka iko kando ya njia: kina mama wakipita na mabuibui yao, zima kamera. Usiseme utafuta baadaye.

SWALI: Nina mkahawa Malindi na anwani za barua pepe za wageni wangu wa zamani kama mia nne, wengi Waitaliano. Barua ninazowatumia kila mwezi zinaangukia kwenye taka. Programu inaniambia nusu wamefungua, lakini hajibu mtu.

JIBU: Kama unatuma kutoka anwani yako ya gmail.com kupitia kampuni ya kutuma barua nyingi, hapo ndipo penye shida. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka ithibitishwe kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani, na malalamiko ya wasomaji yasifike asilimia 0.3. Wanaotuma kwa wingi, kwa Gmail ni kama 5,000 au zaidi kwa siku, wamebanwa zaidi: lazima msomaji aweze kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Wewe na watu wako mia nne humo hamumo, lakini uthibitisho unakuhusu. Nunua anwani ya mkahawa, ya .co.ke ikikufaa, na aliyekutengenezea aweke rekodi za SPF na DKIM, yaani alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako. Akikuuliza ni nini hizo, tafuta mwingine. Kitufe cha kujitoa weka hata kama hulazimishwi.

Ile nusu ya waliofungua usiitegemee. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple, kwa wale waliokubali ulinzi wake, inapakua yenyewe picha za barua, na hiyo inahesabiwa kama mtu amefungua. Hesabu wanaojibu. Ili wajibu, maliza barua kwa swali linalojibika kwa neno moja: mnakuja Agosti au Desemba? Andika Kiitaliano, aisome mtu anayekijua kabla haijatoka, na Malindi hukosi. Itume saa nne usiku yetu majira yao ya baridi, saa tatu majira ya joto, kwao iwe saa mbili usiku.

Walioniuliza kuhusu TikTok, na yule dada wa Mambrui aliyeuliza kuhusu bima ya afya kwa tuliojiajiri, barua zenu ninazo, zitajibiwa toleo lijalo. Mnaotuma picha za skrini, tafadhali futeni kwanza namba za wateja wenu.